Odetta: nyimbo zilikuwa za wengine, sauti ilikuwa yake

Katika baraza zetu za Pwani kuna neno hurudiwa kila mara. Kijana akisimama kwenye harusi akaimba wimbo wa marehemu Juma Bhalo au wa marehemu Zein l'Abdin, hakosekani mtu wa kusema kwamba huyu hana lake, anaiga tu. Ni kana kwamba kuimba wimbo wa mwenzio ni kula chungu ambacho hukukipika.

Neno hilo mimi silikubali lote. Kuiga kupo, na wizi wa nyimbo upo, tena mwingi. Lakini kuna kuuchukua wimbo wa mtu kwa heshima, ukamtaja mwenyewe, kisha ukauimba kwa namna inayomfanya msikilizaji ausikie kama kwamba hajapata kuusikia. Hiyo ni kazi nyingine, na sisi ndio tunaopaswa kuijua kuliko watu wote. Taarabu yetu imesimama juu ya watu wawili, mtunzi na mwimbaji. Mashairi mengi aliyoyaimba Juma Bhalo yalitungwa na jamaa yake, Ustadh Ahmad Nassir. Zein aliimba tungo za kale za Lamu ambazo watunzi wake walikuwa wamelala makaburini siku nyingi kabla yeye hajazaliwa. Hakuna aliyewaambia hawa wawili kuwa hawana lao.

Leo nataka niwasimulie mwanamke aliyeifanya kazi hiyo mbali na hapa, huko Marekani, kwa gitaa na sauti. Jina lake ni Odetta. Najua wapo masheikh wetu wenye msimamo mkali juu ya ala za muziki, nami siwabishii kwenye elimu yao. Ninachoandika hapa ni maisha ya mtu na dhuluma aliyoishuhudia, na funzo ambalo naona linatugusa sisi wenyewe.

Odetta Holmes alizaliwa Desemba 31, 1930, katika mji wa Birmingham, jimbo la Alabama. Birmingham ulikuwa mji wa chuma na makaa ya mawe, na babake alikuwa mfanyakazi wa viwanda vya chuma. Ili kumwelewa Odetta yafaa kwanza kuyajua mambo ya pahali pale. Utumwa Marekani ulipigwa marufuku mwaka 1865, lakini sheria yenyewe iliacha mlango wazi: kazi ya lazima iliendelea kuruhusiwa kama adhabu ya mtu aliyehukumiwa. Kupitia mlango huo, majimbo ya kusini yakawa yanawakamata watu weusi kwa makosa madogo, wengine kwa kosa la kuonekana njiani hawana kazi, kisha yanawakodisha kwa wenye migodi na mashamba. Migodi ya makaa ya Alabama ilichimbwa na wafungwa wa namna hiyo kwa miaka mingi. Alabama ndilo jimbo lililokuwa la mwisho kuacha kuwakodisha wafungwa, na liliacha mwaka 1928. Odetta alizaliwa miaka miwili baadaye. Hata baada ya hapo, wafungwa waliendelea kufungwa minyororo na kupelekwa kuvunja mawe na kutengeneza barabara.

Babake alifariki yeye akiwa mdogo. Mamake, Flora, aliolewa tena, na mwaka 1937 akamchukua bintiye wakahamia Los Angeles, upande wa pili wa nchi. Odetta alikuwa na miaka sita. Ndani ya gari la moshi kukatokea jambo ambalo hakulisahau hadi anakufa. Kondakta alipita akawaamrisha watu weusi waondoke kwenye behewa walilokaa, wahamie jingine. Alisimulia ukubwani kwamba siku ile ndiyo aliyofunguka macho akajua kuwa kuna watu wanaomwona yeye si mtu kamili. Mtoto wa miaka sita hana la kumjibu kondakta. Aliinuka akafuata watu wake, na donge likabaki kooni.

Huko Los Angeles mwalimu mmoja aliisikia sauti yake akaona si ya kuachwa hivi hivi. Akiwa na miaka kumi na tatu akaanza kufundishwa uimbaji wa opera, ule uimbaji wa Ulaya wa kumbi kubwa ambapo mtu hufundishwa kuitoa sauti tumboni hata ikajaza jumba zima bila kipaza sauti. Mamake alitumaini kwamba bintiye atakuwa kama Marian Anderson, mwimbaji mweusi aliyekuwa na sifa dunia nzima. Lakini Odetta aliwaza vyengine. Alikuwa msichana mweusi, mnene, mrefu, na hakuona vipi mtu kama yeye angepandishwa kwenye jukwaa la Metropolitan Opera kule New York. Hakuwa akikosea hesabu. Marian Anderson mwenyewe, pamoja na sifa zake zote, hakuimba kwenye jukwaa hilo mpaka Januari 1955, na wakati huo alikuwa ameshapita umri wa miaka hamsini.

Kwa hivyo Odetta alisoma muziki chuoni usiku, na mchana alifanya kazi za ndani kwenye nyumba za watu. Mwaka 1949 alipata nafasi kwenye kundi la mchezo wa kuigiza wa muziki uitwao Finian's Rainbow, na kundi hilo likampeleka San Francisco. Huko ndiko maisha yake yalikogeuka. Marafiki walimchukua usiku mmoja kwenye mtaa wa wasanii, watu wakawa wamekaa wanaimba nyimbo za jadi kwa magitaa: nyimbo za watumwa, za wafungwa, za wachukuzi, za akina mama. Alikuwa amesoma miaka kadhaa nyimbo za Kitaliano na za Kijerumani, na kwa maneno yake mwenyewe ya baadaye yalikuwa mazoezi mazuri ya sauti lakini hayakuwa na uhusiano wowote na maisha yake. Usiku ule alisikia maisha yake.

Akanunua gitaa akajifunza. Hakuwa fundi wa gitaa wa kushindana na mtu, na hakudai hivyo. Alijua machache, lakini machache hayo aliyapiga kwa nguvu na kwa mpangilio. Gitaa lake likawa ngoma. Watu waliomwona jukwaani wanasimulia jinsi alivyokuwa akilipiga ubao wake kwa kishindo, kisha akatoa pumzi nzito ya kifuani, kama mtu aliyeinua nyundo na kuishusha juu ya jiwe. Ukisikiliza wimbo wake wa wafungwa uitwao Water Boy utaelewa ninachosema. Unamsikia mwimbaji, na papo hapo unaisikia nyundo.

Hapo pana jambo ambalo ndilo kiini cha makala haya. Nyimbo zile hazikuwa zake. Nyingi zilirekodiwa gerezani na mashambani na baba na mwanawe, John na Alan Lomax, ambao kuanzia mwaka 1933 walizunguka majimbo ya kusini na mashine nzito ndani ya gari wakinasa sauti za watu kwa ajili ya Maktaba ya Bunge la Marekani. Katika gereza la Angola, Louisiana, ndiko walikomkuta mfungwa aliyejulikana kwa jina la Lead Belly, ambaye baada ya kutoka akawa mwimbaji maarufu. Odetta alizisikiliza rekodi kama hizo akazisoma kama mwanafunzi wa chuo anavyodurusu msahafu, herufi kwa herufi. Alikaa na sauti za watu ambao wengi majina yao hayakuandikwa popote.

Kisha hakuziimba kama wao. Hakujifanya mfungwa wala hakuiga lafudhi ya mtu wa shamba. Alichukua ile sauti iliyofundishwa opera, sauti ya jumba kubwa, akaiweka chini ya wimbo wa mtu aliyefungwa minyororo. Wapo waliomlaumu kwa hilo. Walisema sauti yake imenyooka mno na nyimbo za jadi zataka sauti ya vumbi. Lakini walio wengi walisikia kitu chengine: kwa mara ya kwanza wimbo wa mfungwa ulipewa heshima iliyokuwa ikipewa nyimbo za wafalme.

Mwenyewe alieleza kwa nini aling'ang'ania nyimbo za gerezani. Shuleni alifundishwa kuwa watumwa walikuwa watu wenye furaha, wakiimba mashambani. Ndani yake alikuwa na chuki kubwa, ya kondakta yule na ya mambo mengi yaliyofuata, na kama msichana aliyelelewa kwa adabu hakuwa na pa kuitoa. Alipoimba kama mfungwa aliweza kuitoa chuki ile mbele za watu wala asidhuru mtu. Na kadiri alivyoimba ndivyo alivyopona. Nyimbo zile zilimfundisha historia ambayo vitabu vya shule vilimficha, kwamba babu zake hawakukubali, walivumilia huku wakipinga.

Mwaka 1956 alitoa santuri iliyoitwa Odetta Sings Ballads and Blues. Haikuwa na bendi wala vikorombwezo, ni yeye na gitaa lake. Kijana mmoja wa Minnesota aliyekuwa akipiga gitaa la umeme aliisikia kwenye duka la santuri. Alitoka pale akalibadilisha gitaa lake la umeme kwa gitaa la kawaida, na akajifunza nyimbo zote zilizomo. Kijana huyo alikuwa Bob Dylan, ambaye miaka mingi baadaye alipewa Tuzo ya Nobeli ya fasihi. Si mimi ninayesema kuwa Odetta ndiye aliyemwingiza kwenye nyimbo za jadi, alilisema mwenyewe. Joan Baez na Janis Joplin nao walianza kwa kumsikiliza yeye.

Mwaka 1959 Harry Belafonte alipewa kipindi chake kwenye televisheni ya CBS. Mtu mweusi kuwa mwenye kipindi kizima, ilikuwa habari kubwa. Belafonte angeweza kuwaita wacheza dansi na wachekeshaji. Alimwita Odetta, na nyimbo za wafungwa zikaingia kwenye sebule za Wamarekani wa rangi zote. Hili jina la Belafonte lisitupite, maana lina mkono kwetu pia. Mwaka huo huo wa 1959, Belafonte pamoja na mwigizaji Sidney Poitier na mchezaji Jackie Robinson walitia saini barua ya kuchanga pesa za kuwasafirisha wanafunzi wa Kenya kwenda kusoma Marekani, katika ule mpango wa Tom Mboya. Na mwaka 1965 Belafonte na Miriam Makeba wakarekodi Malaika, wimbo ambao sisi tuliujua kwa sauti ya Fadhili William, mtu wa Taita Taveta. Nani hasa aliutunga wimbo huo, watu wa Kenya na wa Tanzania wanabishana mpaka leo. Hiyo nayo ni dawa chungu ya mada yetu: wimbo unaweza kuizunguka dunia nzima na mwenyewe akabaki mikono mitupu. Ndiyo maana nilisema mwanzo kwamba heshima ya kumtaja mtunzi haina mjadala.

Odetta alikuwa na jambo jengine lililowashangaza watu, nalo ni nywele. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakati ambapo mwanamke mweusi wa Marekani hakuthubutu kutoka nje bila kuzichoma nywele zinyooke, yeye alizikata akaziacha kama Mungu alivyozijaalia. Muda si muda wanawake weusi wakawa wanauita mtindo huo kwa jina lake. Leo hata kwetu wapo watoto wa kike wanaofukuzwa na mawazo kwa sababu ya nywele zao. Mwanamke huyu aliyamaliza mawazo hayo miaka sabini iliyopita, kwa mkasi tu.

Zilipokuja harakati za kudai haki, tayari nyimbo zake zilikuwa mdomoni mwa watu. Rosa Parks, yule mama aliyekataa kumpisha mzungu kiti ndani ya basi la Montgomery mnamo Desemba 1, 1955, aliulizwa siku moja nyimbo gani zilimgusa zaidi. Alijibu kwamba ni zote ambazo Odetta anaziimba. Dkt. Martin Luther King alimwita malkia wa nyimbo za jadi za Marekani. Agosti 28, 1963, robo milioni ya watu walipokusanyika Washington, siku ambayo King alitoa ile hotuba yake ya ndoto, Odetta alipanda jukwaani akaimba. Wimbo wenyewe, I'm on My Way, ulikuwa wa zamani, wa kanisani, hakuutunga yeye. Lakini siku ile ulikuwa wa kila aliyekuwapo.

Hazikupita wiki tatu. Septemba 15, 1963, bomu liliripuliwa ndani ya kanisa la watu weusi Birmingham, mji aliozaliwa, na wasichana wanne wakauawa. Nayataja haya kwa sababu leo ni rahisi kuzisikiliza nyimbo zile kama burudani ya zamani. Aliyeziimba alikuwa akiimba huku watu wake wanazikwa.

Mwaka 1965 alifanya jambo ambalo linanirudisha kwenye ubishi wetu wa barazani. Yule kijana Dylan aliyejifunza kwake sasa alikuwa mtunzi mkubwa, nyimbo zake dhidi ya vita na dhuluma zimeenea. Odetta hakuona aibu. Mwalimu alichukua nyimbo za mwanafunzi akarekodi santuri nzima ya nyimbo kumi, akaiita Odetta Sings Dylan. Wala hakuziimba kama Dylan. Mr. Tambourine Man, ambao wengine waliuimba kwa dakika mbili tatu, yeye aliupunguza mwendo hadi ukapita dakika kumi. Ule wa kuwalaani wenye kutengeneza silaha, Masters of War, aliuimba kama mtu anayesoma hukumu mahakamani. Na wimbo wa mapenzi wa Tomorrow Is a Long Time, kwa namna alivyouimba yeye, ulimfikia Elvis Presley, naye akaurekodi mwaka uliofuata. Hebu tazama safari hiyo. Nyimbo za wafungwa zinamfikia Odetta, Odetta anamfikia Dylan, Dylan anarudi kwa Odetta, na Odetta anamfikia Presley. Sasa hapo nani anaiga na nani ana lake?

Mimi nilimsikia kwa mara ya kwanza nikiwa chuoni nasomea diploma yangu hapa Mombasa. Mwanafunzi mwenzangu alikuwa na kanda aliyorithi kwa amuye, mbovu mbovu, inakwaruza. Kiingereza cha nyimbo zile nilikishika nusu. Lakini ile pumzi ya nyundo niliitambua, maana nilishaisikia kwa bibi yangu, Mungu amrehemu, alipokuwa akitwanga. Alikuwa na wimbo wake wa kinuni, na kila mchi ukishuka hutoa pumzi ile ile. Nilikuwa mtoto, sikuwahi kumuuliza wimbo ule aliupata kwa nani. Amekufa nao.

Baada ya King kuuawa Aprili 4, 1968, mambo yalibadilika. Vijana wakataka muziki mwengine, magitaa ya umeme na midundo ya kucheza. Odetta hakuwa akiuza. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 alikaa takriban miaka kumi bila kutoa santuri mpya. Wengi wangekata tamaa au wangebadilisha mtindo ili wafuate soko. Yeye aliendelea kusafiri na gitaa lake, akiimba kwenye kumbi ndogo, vyuoni na kwenye mikutano ya watu wa kupinga vita. Mwaka 1999 akatoa santuri ya nyimbo za bluzi iliyoteuliwa kuwania tuzo ya Grammy, na mwaka huo huo Rais Bill Clinton akamvisha Medali ya Taifa ya Sanaa. Mwaka 2001 akatoa nyingine, yote ni nyimbo za Lead Belly, yule mfungwa wa Angola. Alikuwa na miaka sabini, na bado alikuwa akizirudisha nyimbo kwa jina la mwenyewe.

Miaka yake ya mwisho aliimba akiwa amekaa kwenye kiti cha magurudumu. Maradhi ya moyo na ya figo yalimwandama, lakini hakughairi safari. Oktoba 2008 alikuwa bado jukwaani.

Mwezi uliofuata wote tunaukumbuka. Barack Obama, mtoto wa Mkenya, alichaguliwa Rais wa Marekani. Hapa kwetu Rais Kibaki alitangaza Novemba 6 kuwa siku ya mapumziko, na mitaani watu walikuwa wakipongezana kama siku ya Idi. Kule New York, Odetta alikuwa amelazwa hospitali, figo zimekwama. Ukutani, mkabala na kitanda chake, palibandikwa picha kubwa ya Obama. Alikuwa na tamanio moja, aishi mpaka siku ya kuapishwa, akaimbe. Alifariki Desemba 2, 2008, akiwa na miaka 77. Obama aliapishwa Januari 20, 2009. Ni wiki saba kamili.

Wengine huiona hadithi hiyo kuwa ya kuhuzunisha. Mimi naiona kuwa ya mtu aliyetimiza wake. Mtoto aliyeondolewa kwenye behewa kwa rangi yake aliiona kwa macho yake siku ambayo mtu wa rangi yake anachaguliwa kukalia kiti cha juu kabisa. Kuimba au kutoimba siku ile hakuongezi wala hakupunguzi. Februari 2009 wenziwe walikusanyika kwenye kanisa la Riverside, New York, kumkumbuka, na nyimbo zilizoimbwa ni zile zile ambazo hakuzitunga.

Sasa turudi nyumbani. Sisi tuna nyimbo kama alizozikuta Odetta. Wabajuni wana vave, tungo za wakulima zinazoimbwa mkesha wa kuchoma shamba. Mabaharia walikuwa na kimai. Wajenzi walikuwa na nyimbo za kupigilia sakafu, wavuvi walikuwa na nyimbo za kuvuta jarife. Ziko wapi? Ziko kwa wazee wachache, na kila mwezi tunazika mmoja wao.

Na kuna nyimbo nyengine ambazo hata kuzitaja tunaona haya. Pwani hii nayo ilikuwa na watumwa. Sheria ya utumwa katika ukanda wetu ilifutwa mwaka 1907, ambayo si zamani sana, ni umri wa babu wa babu. Tunapita Kengeleni kila siku kwenye matatu, na ni wachache wanaojua kwamba kengele ile ni ya Frere Town, mji waliowekwa watu waliokombolewa kutoka majahazini tangu miaka ya 1870. Watu wale waliimba nini? Waliofanya kazi kwenye mashamba ya Malindi na Takaungu waliimba nini? Hatuulizi. Badala yake neno mtumwa tumelifanya tusi la kumtupia mwenzio kwenye ugomvi wa mali au wa posa, kana kwamba aibu ni ya aliyefungwa na si ya aliyemfunga. Siti binti Saad, mwanamke wa kwanza wa Pwani nzima kunaswa kwenye santuri, huko Bombay mwaka 1928, alitoka kwenye ukoo wa watu hao, na kuna waliomkejeli kwa asili yake hata alipokuwa anawaimbia masultani. Leo kila mtu anajidai naye.

Odetta alitufundisha kwamba wimbo wa mtu aliyeonewa ukiimbwa kwa heshima huondoa aibu kwa mwenye kuonewa na kuipeleka inakostahili. Kazi hiyo haihitaji utunzi mpya. Yahitaji mtu wa kusikiliza kwanza.

Kwa hivyo ombi langu kwa vijana wetu waimbaji ni hili. Kila mmoja wenu ana simu inayonasa sauti kuliko mashine ile ya akina Lomax iliyojaza gari. Nenda kwa bibi yako, nenda Faza, nenda Vanga, nenda Shimoni, mkalie mzee, mwombe wimbo wake na umuulize aliupata kwa nani. Andika jina. Kisha uimbe, kwa sauti yako, kwa ala yako, si lazima uimbe kama yeye. Na ukisimama jukwaani sema wimbo huu ni wa fulani bin fulani, au wa fulani binti fulani. Akitokea mtu barazani akasema huna lako, mwache aseme.